Barabara ya Ibri na Malori Yanayosubiri



Wengi wetu hapa pwani tuna ndugu Omani. Yuko shangazi Maskati, yuko binamu Nizwa, yuko mtu aliyeondoka Unguja akiwa mtoto na leo ana wajukuu Ibri, na simu ikilia Kiswahili bado kinatangulia Kiarabu. Basi ukibahatika kuzungumza na mtu wa Ibri, muulize habari za barabara. Atakueleza kwa fahari. Kutoka mjini kwao lami inaingia jangwani kilomita kama 160 hadi mpakani, kisha inaendelea upande wa Saudia kukatiza Rub' al-Khali, maana yake Robo Tupu. Ni mchanga uleule ambao Mwingereza Bertram Thomas, akiongozwa na wenyeji wa jangwa, aliuvuka kwa ngamia kutoka Salalah hadi Doha mwishoni mwa 1930 na mwanzoni mwa 1931, safari ya karibu miezi miwili. Barabara ya leo, pande zote mbili, inapita kilomita 700. Ilifunguliwa rasmi Desemba 2021.

Sifa zote huenda kwa wahandisi waliopambana na matuta ya mchanga, na wanastahili. Mimi jioni ya leo nataka tutazame jambo jingine. Kabla ya barabara hii, lori la Omani linalokwenda Riyadh lilikuwa na mipaka miwili. Kwanza livuke kuingia Umoja wa Falme za Kiarabu. Halafu likate Falme hadi Ghuwaifat, na hapo livuke tena kuingia Saudia kwa lango la Batha. Barabara mpya imefupisha safari kwa kilomita zinazokadiriwa kufika 800, ndiyo, lakini imefanya na kubwa zaidi ya hilo: imeondoa mpaka mmoja.

Ukikaa na mwenye malori, wa Omani au wa Morogoro, atakwambia kilomita hazimtishi. Kilomita anazijua bei yake. Anajua dizeli itakayokwenda, anajua matairi, anajua usiku ngapi dereva atalala njiani. Asichokijua ni lango. Pale Ghuwaifat, mwaka 2009, foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita, na ilikuwa kiangazi, wakati ambapo joto la nchi zile hupita nyuzi 45. Watu walikaa humo siku na siku. Hakuna hesabu ya dizeli inayoweza kukuandaa kwa kitu kama hicho.

Ndiyo maana nasema, tukizungumza kurahisisha biashara katika nchi za Kiarabu, tusianze na ushuru. Ushuru walishaondoleana. Walikubaliana mwaka 1997, wakaanza kupunguza Januari 1998, na tarehe 1 Januari 2005 ushuru wa forodha baina ya nchi wanachama wa Eneo Kuu la Biashara Huria la Kiarabu ukawa umefutwa kwa karibu bidhaa zote. Nchi sita za Ghuba nazo zilikwenda mbele zaidi, zikaunda umoja wa forodha mwaka 2003, wenye ushuru mmoja wa asilimia 5 kwa kinachotoka nje. Kwenye karatasi, ni hatua ambayo kanda nyingi duniani zingeionea wivu. Na bado nchi za Kiarabu huuziana zenyewe kwa zenyewe takriban kumi kwa mia tu ya biashara yao yote. Wanasema lugha moja, wanapakana, ushuru hamna, na mzigo haupiti. Kwa nini?

Sababu moja ni ubishi wa asili ya bidhaa. Ili ndoo ya plastiki isitozwe ushuru, lazima iwe ya Kiarabu, na kanuni ya jumla ni kwamba asilimia 40 ya thamani yake iwe imepatikana ndani ya nchi inayouza. Plastiki yenyewe labda imetoka Asia. Sasa afisa wa forodha aliye langoni, saa nane mchana, atajuaje? Atadai cheti. Akiona cheti atakitilia shaka. Ataomba barua nyingine, na lori litavutwa pembeni. Mfanyabiashara mdogo akipata mkasa huo mara mbili hajaribu mara ya tatu, anauza ndoo zake mtaani kwao.

Lakini ndoo inaweza kusubiri. Tufaha haliwezi.

Fikiria mkulima wa Bonde la Bekaa, Lebanoni. Soko lake zuri liko Ghuba. Lori lake la jokofu likipakia asubuhi, linapanda hadi Masnaa na kuvuka kuingia Syria. Linapita pembeni ya Damascus, linashuka kusini hadi Nassib. Ng'ambo ni Jordan, upande wanaouita Jaber. Linakata Jordan hadi Omari, linavuka kuingia Saudia kwa Haditha, na hapo Riyadh bado ni mbali. Hesabu nami: mipaka mitatu, na kila mpaka una lango la kutokea na lango la kuingilia. Malango sita kabla tufaha halijafika. Kila lango lina foleni yake, mizani yake, wakala wake na ada zake.

Halafu Aprili 2015, vita vya Syria vikiwa vimepamba moto, Nassib ikafungwa. Njia ya nchi kavu kutoka Lebanoni kwenda Ghuba ikakatika. Malori yakawa yanapandishwa melini pamoja na mizigo yao, yazunguke kwa Mfereji wa Suez mpaka Bahari ya Shamu, yateremke bandarini yaendelee na safari. Tunda lililokuwa lisafiri kwa magurudumu tu sasa likawa linalipa nauli ya meli, na ratiba ikashikwa na meli. Nassib ilifunguliwa tena tarehe 15 Oktoba 2018. Wakulima wakapumua.

Wakapumua miaka miwili na nusu. Aprili 2021 forodha ya Saudia ikafungua shehena ya makomamanga kutoka Lebanoni, na ndani ya makomamanga kukakutwa vidonge vya kulevya vya captagon, zaidi ya milioni 5. Saudia ikapiga marufuku matunda na mboga zote za Lebanoni. Zote.

Mimi siilaumu Saudia kwa kuogopa. Nchi ina haki ya kulinda watoto wake, na vidonge milioni 5 si mchezo. Lakini mwangalie yule mkulima wa Bekaa asiyejua captagon inafananaje, ambaye matufaha na kabeji zake zimeozea ghalani kwa sababu ya mhalifu asiyemjua. Pale ambapo hakuna njia ya kutofautisha lori jema na lori baya, serikali hubaki na mikono miwili tu, mmoja wa kufungua kwa wote na mwingine wa kufunga kwa wote. Hapo ndipo penye kidonda, na dawa yake ipo, tena si mpya.

Wenzetu wa zamani waliliona hilo kabla ya kuwepo malori. Kila mwenye kusoma Kurani anaijua Sura ya Makureshi, inayotaja misafara yao miwili, ya kipupwe na ya kiangazi. Mmoja ukishuka Yemeni, mmoja ukipanda Sham, upande wa Syria. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba aliyeweka msingi wa misafara ile ni Hashim, babu mkuu wa Mtume, na kwamba hakuweka msingi huo kwa wingi wa ngamia. Alipata ahadi za amani kutoka kwa watawala na makabila yaliyokuwa njiani: msafara wetu ukipita kwenu, usiguswe. Ahadi hizo ndizo zilizoutajirisha mji wao wa Maka, usio na shamba wala mto. Hashim alifia safarini, akazikwa Gaza, na ndiyo maana mji ule huitwa Gaza ya Hashim. Nikikumbuka kwamba kuanzia Oktoba 2023 malori ya chakula na dawa yamekuwa yakipanga foleni upande wa Misri yakisubiri ruhusa ya kuingia mji huohuo, moyo unaniuma, na siwezi kuisoma sura ile kama nilivyoisoma zamani.

Turudi kwenye dawa. Inaitwa TIR. Huenda umewahi kuona picha ya lori la Ulaya au la Uturuki lenye kibao cha buluu mbele na nyuma, kimeandikwa herufi hizo tatu kwa weupe. Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya usafirishaji wa kimataifa kwa barabara. Utaratibu ulianza Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, na mkataba unaotumika sasa ni wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1975.

Unafanya kazi hivi. Mzigo unakaguliwa mara moja, kule unakopakiwa. Forodha ya pale inaangalia, inahesabu, inaridhika, inafunga milango ya lori na kuipiga lakiri, au sili kama madereva wanavyosema. Dereva anapewa daftari. Akifika kila mpaka, afisa anatazama daftari, anatazama sili. Sili nzima? Namba ni ileile? Pita. Hakuna kushusha masanduku, hakuna kufungua turubai. Mzigo utafunguliwa na forodha ya nchi unakokwenda.

Sasa utauliza: na ikiwa dereva atauza mzigo njiani, nani atalipa ushuru wa nchi iliyoibiwa? Hilo ndilo tundu ambalo TIR ililiziba kwa ustadi. Kila nchi ina chama chake cha wasafirishaji kinachotoa madaftari, na vyama hivyo vinaungana katika shirika lao la kimataifa, IRU, lenye makao Geneva. Mzigo ukipotea, chama cha nchi husika kinawajibika kulipa, kwa kawaida hadi yuro 100,000 kwa daftari moja, kisha kinamgeukia msafirishaji mwenye kosa. Na msafirishaji mdanganyifu hunyang'anywa haki ya kutumia daftari. Ona basi, serikali haikuombwa imwamini dereva kwa sababu ana uso mwema. Imepewa sili, dhamana na jina la mtu wa kumdai. Toka Mei 2021 mkataba unaruhusu hata daftari la kielektroniki, kwamba taarifa za lori zifike langoni kabla ya lori lenyewe.

Jordan na Kuwait zimo tangu miaka ya 1980. Nchi nyingine za Ghuba zilichelewa, halafu zikaja kwa kufuatana: Falme za Kiarabu zikaanza kuitumia TIR mwaka 2017, na Saudia, Omani na Qatar zikajiunga mwaka 2018. Iraq ikaingia mwaka 2023. Hii ya Iraq naiona kubwa kuliko zote, maana tazama ramani: anayetaka kutoka Uturuki kwenda Ghuba kwa magurudumu bila kupita Iran wala Syria, hana njia nyingine. Na Iraq yenyewe imetangaza kujenga reli na barabara kuu ya kilomita kama 1,200 kutoka bandari ya Faw hadi mpaka wa Uturuki, inayoitwa Njia ya Maendeleo.

Lakini mkataba kusainiwa ni jambo moja, na afisa wa zamu kuuheshimu ni jingine. Kwa miaka mingi mzigo wa Jordan unaokwenda Iraq ulifika mpaka wa Karameh na Trebil ukashushwa, sanduku kwa sanduku, na kupakiwa kwenye lori la Iraq lililorudi kinyumenyume hadi likagusana na la kwanza. Nyanya zilibonyea. Vyombo vya kioo vilivunjika. Barabara hiyo ilifungwa mwaka 2015 kwa sababu ya wapiganaji wa Dola la Kiislamu, ikafunguliwa Agosti 2017, na Februari 2019 ndipo serikali mbili zilipokubaliana kwamba lori liende moja kwa moja. Ukingo wa Magharibi mpaka leo bidhaa nyingi za Wapalestina huhamishwa kwa mtindo huohuo, lori kwa lori, kwenye vivuko vya Israeli.

Kuna na ugonjwa mwingine ambao sili haiutibu: mpaka kufungwa kwa hasira za wakubwa. Arar, kati ya Saudia na Iraq, ilifungwa mwaka 1990 Iraq ilipoivamia Kuwait. Ikakaa hivyo miaka 30, ikifunguliwa kwa ajili ya mahujaji tu. Hebu wazia, hujaji anapita kila mwaka, gunia la tende halipiti. Ilifunguliwa kwa biashara Novemba 2020. Qatar, ambayo mpaka wake pekee wa nchi kavu ni na Saudia, iliamka Juni 2017 ikakuta lango la Salwa limefungwa, na maziwa yaliyokuwa yakija kila siku kwa malori hayaji tena. Wiki chache baadaye ng'ombe wa maziwa wakawa wanapandishwa ndege kupelekwa Doha. Lango lilifunguliwa Januari 2021. Moroko na Algeria zimefungiana mpaka wa nchi kavu toka 1994, na vijana wenye miaka thelathini wa Oujda, upande wa Moroko, hawajawahi kuona lori la mizigo likivuka kihalali kilomita chache tu kutoka kwao. Kizazi kizima cha wafanyabiashara kimezaliwa na kukua hakijui kuwa kule ng'ambo kuna soko.

Katika haya yote kuna jambo moja jema lisilosemwa sana. Bima. Aprili 1975, mjini Tunis, nchi za Kiarabu zilikubaliana juu ya kadi moja ya bima ya magari, kadi ya rangi ya chungwa. Gari la nchi moja likisababisha ajali nchi nyingine, kadi ile inatambuliwa. Madereva wetu watatabasamu, maana wao wanayo ya njano, ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ingawa ilishajitoa COMESA. Kadi zote mbili zimethibitisha kwamba karatasi ya nchi moja inaweza kuaminiwa na polisi wa nchi nyingine.

Na tusijione sisi tumeshafika. Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja toka 2019, ambapo maofisa wa Tanzania na Zambia wanakaa chini ya paa moja ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Namanga, kati ya Tanzania na Kenya, hali kadhalika, toka 2018. Ni hatua nzuri, na naziombea nchi za Kiarabu zipate nyingi za aina hiyo. Lakini msikilizaji wa Tunduma ananisikia sasa hivi na anajua foleni bado ipo. Niliwahi kukaa siku mbili kwenye mpaka mmoja wa kwetu huku, nikizungumza na madereva. Mmoja alikuwa pale siku ya nne. Alikuwa anaogea dumu la lita tano nyuma ya tela. Nilimuuliza nini kinakwamisha. Akasema hajui, na wakala wake naye hajui. Kilichonigusa ni kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa ameshazoea kutojua.

Madereva wa Ghuba wengi si wa Ghuba. Ni Wapakistani na Wahindi, watu waliotoka mbali kama wale wa kwetu wanaokwenda huko kutafuta riziki. Mzigo una daftari la TIR, lakini dereva anahitaji viza yake mwenyewe, na mara nyingi viza hiyo imefungwa kwa mwajiri wake. Hutokea mzigo ukaruhusiwa na mtu asiruhusiwe. Nikisikia mikutano ya mawaziri inazungumza juu ya korido na mifumo ya kompyuta, natega sikio nisikie kama yupo atakayetaja viza ya dereva, choo cha dereva, kivuli cha dereva. Havitajwi vya kutosha, wakati ndivyo vya bei nafuu kuliko vyote, kuliko hata kilomita moja ya lami ya Robo Tupu.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017, unazihimiza nchi kupima na kutangaza muda wa wastani wa kuachilia bidhaa. Mimi ningelishika hilo na kulipeleka hadi langoni kwenyewe. Pale Batha, pale Nassib, pale Haditha, pale Arar, pale barabara ya Ibri inapokutana na Saudia, pangesimamishwa bango kubwa linaloonekana kutoka kwenye usukani, likionyesha saa ngapi lori la jana lilisubiri, na saa ngapi la leo linatarajiwa kusubiri. Bango hilo liandikwe kwa Kiarabu, na chini yake kwa Kiurdu, ili aliye nyuma ya usukani alisome mwenyewe na aweze kumpigia simu mkewe kumwambia siku ya kumtarajia.